Treni ya Wasiokoroma

Nchi ya Kimyani haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utachosha macho bure, na ukikutana na mtu anayefanana na Waziri wake, huyo ni binadamu tu, na binadamu hufanana. Tukielewana hapo, hadithi na iende.

Kimyani ilikuwa na treni moja ya usiku, iliyoondoka Jiji Kuu jioni na kufika Mwisho wa Reli asubuhi. Wananchi waliipenda kupita kiasi. Majumbani mwao usingizi ulikuwa umehama, kwa sababu Serikali ilikuwa imefunga vipaza sauti kila mtaa, vikisoma mafanikio ya taifa tangu magharibi hadi alfajiri, na mafanikio yalikuwa mengi. Ndani ya treni tu ndimo vipaza sauti havikufika. Basi watu wasio na safari wakawa wanakata tiketi ili wakalale. Maharusi walikwenda na kurudi bila kushuka. Walimu walipanda Ijumaa, wakaonekana tena Jumatatu mashavu yamejaa.

Humo ndani watu waliishi kwa adabu ya zamani. Kitanda cha chini kilikuwa kiti cha wote mpaka matandiko yaletwe, na chakula kikishafunguliwa hakikuwa na mwenyewe. Aliyekoroma alisukumwa begani, akageuka upande, na maisha yakaendelea.

Siku foleni ya tiketi ilipoizunguka stesheni na kuingia bustani ya Ikulu, Rais aliuliza kulikoni. Wataalamu wa reli walijibu kwamba mabehewa yaongezwe. Wataalamu hao walihamishiwa mbugani wakachunge nyumbu, na swali likapelekwa kwa Mheshimiwa Dakta Polikarpo Tumbikwa, Waziri wa Reli, Malazi na Mwenendo Mwema. Alikuwa mtu mnene, mwenye shingo fupi na hotuba ndefu, na udakta wake alitunukiwa kwa heshima na chuo alichokifungua mwenyewe.

"Ndugu wananchi," alisema bungeni, "hatuna uhaba wa vitanda. Tuna wingi wa abiria, na wingi huo una tabia mbaya! Mkoromaji mmoja hula usingizi wa watu sita. Huyo si abiria, huyo ni mhujumu. Tukimwondoa mhujumu, vitanda vitatosha na vingine vitabaki vikitushangaa!"

Wabunge walipiga meza mpaka wenzao waliokuwa wamesinzia wakaamka, nao wakapiga meza.

Ndivyo zilivyozaliwa Kanuni za Mwenendo Kitandani. Milango ya vyumba vya treni iling'olewa ili tabia zionekane. Kila abiria aliamriwa kujifunika shuka gubigubi, uso na yote, Mkaguzi wa Usingizi asije akapendelea sura. Na Mkaguzi mwenyewe alivalishwa miwani nyeusi usiku, kwa sababu hiyo hiyo. Aliyesikika akikoroma alibebwa kwa machela, akateremshwa kwenye kituo kimoja cha katikati ya pori. Tangu enzi za mababu kituo hicho kiliitwa Kwa Fisi. Wizara ilikibadilisha jina kikawa Kituo cha Tafakari, ingawa fisi hawakupelekewa taarifa ya mabadiliko hayo.

*

Kulikuwa na jambo moja ambalo kila mtu nyumbani kwa Waziri alilijua isipokuwa Waziri. Alikuwa akikoroma.

Hakukoroma kidogo. Vikombe vilihama rafuni. Mkewe alikuwa amehamia chumba cha mwisho, akidai kwamba kule mbalamwezi inaingia vizuri zaidi. Mtunza bustani aliwaambia wageni kwamba ile ni jenereta ya jirani. Mara moja Waziri alijishtua mwenyewe kwa ngurumo yake, akaamka akifoka kwamba pampu ya maji imeharibika. Fundi aliitwa, akaifungua pampu nzima, akaifuta, akaifunga, akashukuriwa kwa kazi nzuri. Nyani haoni kundule, na nani amwambie nyani mwenye uwaziri?

Asteria Mlowoka, mpishi wa nyumba hiyo, alikuwa akicheka habari hizo na mumewe kila arudipo kwake jioni. Mumewe, Fulujensi, alikuwa fundi cherehani, mtu wa mzaha, na alijua kumwigiza Waziri hadi majirani wakagonga ukuta. Yeye mwenyewe alikoroma pia, lakini kwa upole, kama sufuria ya maharage inayoanza kuchemka. Asteria alikuwa amezoea, na siku asipousikia mkoromo huo hakupata usingizi.

Binti yao Domina alijifungua mtoto wa kwanza huko Mwisho wa Reli, na Fulujensi akafunga mzigo kwenda kumwona mjukuu.

"Baba Domina, usilale njiani," Asteria alimwambia stesheni. "Kaa macho hadi kunapambazuka."

"We mwanamke nawe! Nani atamgusa mume wa mpishi wa Waziri?" Fulujensi alicheka, akapanda.

*

Jumapili iliyofuata Waziri alikuwa na wageni. Asteria alisimama nyuma ya kiti chake na bakuli la mchuzi wa kuku, kama kawaida, naye Katibu Mkuu wa Wizara akawa anachekesha meza.

"Juzi, Mheshimiwa, wamemshusha mzee mmoja pale Tafakari. Unajua alijiteteaje? Eti mke wake ndiye anayekupikia!"

Waziri alicheka mpaka akapaliwa na wali. "Kesho atakuja mwingine aseme mama yake ndiye aliyenizaa!" Wageni wakaanguka kicheko. Waziri alipofuta machozi, uso wake ukawa wa kiserikali. "Hapana, hili si la kuchekea. Andika, Katibu. Abiria yeyote atakayejitaja kwa cheo, kwa udugu au kwa ukaribu na mkubwa, ahesabiwe kwamba anaota kwa sauti. Hilo liwe kosa la pili juu ya lile la kwanza."

"Busara tupu, Mheshimiwa."

"Mchuzi," alisema Waziri, bila kugeuka.

Asteria akampakulia. Hakumwaga hata tone, na hadi leo hajui aliwezaje.

Siku chache baadaye wafanyakazi wa njia ya reli walimletea kofia ya Fulujensi na kiatu kimoja. Hawakuwa na kingine cha kuleta, wala hawakuweza kumtazama usoni. Asteria alikwenda Wizarani, akapokelewa na ofisa mpole sana aliyemweleza kwamba marehemu alishuka kwa hiari yake ili atafakari, na kwa bahati mbaya akatafakari kupita kiasi. Alirudi nyumbani akaizika kofia. Aliporudi kazini, mke wa Waziri alimwambia, "Nasikia umefiwa, pole mama. Sambusa za Jumamosi lakini zitakuwepo?" Hakuna aliyeuliza nani amekufa, wala wapi, wala kwa nini.

Tangu hapo Asteria alimchukia Waziri kwa chuki iliyochujwa, isiyo na takataka. Angeweza kumtilia kitu kwenye supu, maana mpishi hakosi njia. Aliifikiria supu hiyo mara nyingi, na aliifikiria kwa raha. Lakini aliyekufa kwa supu hufa kitandani kwake, akizungukwa na madaktari na maua. Asteria alitaka Waziri alazwe pale alipolazwa Fulujensi, porini, ndani ya shuka la treni, akisema kweli na hakuna anayemwamini.

*

Kanuni zilifanya kazi vizuri mno. Kwanza walipotea wakoromaji, kisha wanaohofu kwamba huenda wanakoroma, na mtu atajuaje naye amelala? Treni ikawa inakwenda na kurudi na vitanda vitupu. Wizara ilitangaza kwa furaha kwamba msongamano umekwisha kabisa, na vipaza sauti vikaliongeza hilo kwenye mafanikio.

Rais hakufurahi. Alikuwa anatarajia wageni kutoka ng'ambo, na alitaka kuwaonyesha treni iliyojaa wananchi waliolala kwa amani. Alimpigia simu Waziri, na watu wa nyumba hiyo walimsikia Waziri akisema "ndiyo, Mzee" tangu supu mpaka matunda.

Kesho yake asubuhi Asteria alimpelekea uji, akakawia kuondoka.

"Kuna nini, mama?" aliuliza Waziri.

"Hakuna kitu, Mheshimiwa. Maneno ya sokoni tu."

"Sokoni wanasema nini?"

"Mimi sisemi, Mheshimiwa. Ni wao wanaosema."

"Sema!"

"Wanasema Waziri ametunga sheria ya treni, lakini mwenyewe anaogopa kulala humo. Wanasema nyumbani kwako kuna kitu kinanguruma usiku."

"Hiyo ni pampu!" Waziri aliruka, uji ukamwagikia tai. "Pampu ya maji! Huwaambii?"

"Nimewaambia, Mheshimiwa. Wanacheka."

Waziri alitembea chumba kizima, akasimama mbele ya kioo, akajitazama kwa upendo. "Basi nitalala. Nitalala kama mwananchi wa kawaida, chini ya kanuni zote, bila upendeleo hata wa unywele mmoja! Nchi nzima itajua kwamba mtu msafi hana cha kuogopa."

"Na chakula cha njiani, Mheshimiwa?"

"Utakuja nacho wewe."

"Nitakuja, Mheshimiwa," alisema Asteria, akachukua bakuli la uji, akaenda jikoni na furaha yake.

*

Stesheni ilipambwa. Bendi ilipiga. Watumishi wa umma walikuwa wameamriwa kujaza vitanda, nao walipanda kwa nyuso za watu wanaokwenda kung'olewa meno. Waziri alisimama mlangoni mwa behewa akatoa nasaha fupi iliyochelewesha treni.

"Kukoroma ni dhamiri inayolalamika!" alisema. "Mwenye dhamiri safi hulala kimya. Mimi, ndugu zangu, hulala kama mtungi!"

Mlinzi wake alitazama viatu vyake. Waandishi wa habari walipanda wakapiga picha, wakaruka chini treni ikiwa imeshaanza kwenda, maana hakuna aliyetaka kusinzia humo. Mlinzi naye alisema atalinda vizuri zaidi akiwa kwenye behewa la chakula. Alikuwa amemlinda Waziri miaka mingi na masikio yake yalikuwa mazima.

Waziri alipewa kitanda cha chini, Asteria kitanda kilichokitazama. Juu yao na pande zote walilala watumishi wa umma, kila mmoja na dawa yake: huyu ametia pilipili chini ya ulimi, yule amefunga kidole cha mguu kwa kamba ya dirisha. Walijifunika gubigubi kama kanuni zilivyotaka, na ukilitazama behewa ungedhani limejaa maiti, ila maiti hawajifinyi mapajani.

Asteria alifungua kikapu. Harufu ya kuku wa kuchoma ilitembea behewa zima, na mashuka kadhaa yakafunuka kwa mazoea ya zamani. Waziri alikula kuku mzima peke yake, akamalizia na maandazi, akalamba vidole.

"Uniamshe kwa uji, mama," alisema akijifunika.

"Haya, Mheshimiwa. Lala chali, ndivyo wanavyolala wakubwa."

Alilala chali.

Kwanza ulikuja mluzi mwembamba. Ukafuata ukimya, na wale waliokuwa macho wakaomba Mungu uwe umekwisha. Kisha ikapasuka ngurumo, ngurumo yenyewe, ile ya pampu na jenereta, na bilauri kwenye behewa la chakula zikaanza kugongana. Kule, mlinzi aliagiza chai nyingine, akakoroga bila sukari.

Asteria alijua kinachotakiwa. Kila aliyefanya kazi katika nyumba ile alijua kwamba ukimsukuma begani anageuka upande na kutulia kwa muda. Bega lilikuwa karibu, kiasi cha kunyoosha mguu. Alimfikiria Fulujensi ambaye hakupata mtu wa kumsukuma, akaukunja mguu.

*

Mkaguzi wa Usingizi, Bwana Kasiani, aliingia akipapasa kuta, kwa sababu ya ile miwani. Nyuma yake walikuja wabebaji wawili na machela. Alikuwa na kisanduku chenye mshale cha kupimia mkoromo. Alikielekeza kwenye kitanda cha chini, mshale ukaruka ukakwama mwisho.

"Hujuma ya daraja la kwanza," alisema Kasiani kwa mshangao wa kitaalamu. "Mbebeni."

Waziri aliamka akiwa hewani. "Nini hiki? Mnanipeleka wapi? Mimi ni Waziri!"

"Anaota kwa sauti," Kasiani aliwaambia wenzake. "Kosa la pili."

"Mimi ni Dakta Polikarpo Tumbikwa! Mimi ndiye niliyetunga hizo kanuni!"

"Ndoto nzito hiyo. Tulia, ndugu. Tangu nianze kazi hii nimeshashusha mawaziri wa reli kadhaa, na majenerali, na shemeji zake Rais sina idadi."

"Nifunueni mnione uso!"

"Kanuni haziruhusu. Na hata zingeruhusu, mimi na miwani hii sioni kitu."

Shuka lilitupa mateke. Wabebaji walikuwa na uzoefu, wakalifunga kwa mikanda. "Muulizeni mpishi wangu!" ililia sauti kutoka ndani. "Yupo hapo, kitanda cha mbele! Ananijua!"

Mbebaji mmoja aliguna. "Na huyu naye ana habari za mpishi. Kulikuwa na mzee mmoja alisema hivi hivi."

Asteria alisikia neno hilo, na mzee huyo alimjua.

Kasiani alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoruhusiwa. Aliinua mkono, machela ikasimama. "Tusimwonee. Ndugu, kama mpishi ni wako, basi anaitwa nani?"

Watumishi wa umma waliacha kujifinya ili wasikilize. Hata magurudumu ungedhani yanasubiri.

"Anaitwa mama," ilisema sauti.

"Mama nani?"

"Mama... mama wa jikoni."

"Hilo si jina."

"Mama Joseni? Mama Roza? Ngoja, ngoja, nalijua, liko mdomoni!"

"Miaka mingapi anakupikia?"

"Mingi!"

"Mtu anakulisha miaka mingi, na jina lake hulijui," alisema Kasiani kwa huzuni. "Ndugu, hata katika kuota hujui kuota." Alimgeukia Asteria. "Mama, kwa kukamilisha utaratibu tu. Unamjua huyu?"

Asteria aliondoa shuka usoni, akaketi.

"Uso siuoni, baba, amefunikwa," alisema. "Lakini mkoromo wake naujua. Huyu hukoroma. Amekoroma kila siku tangu nimjue, nyumba nzima inasikia, na hakuna aliyethubutu kumwambia."

"Mimi?" iliuliza sauti ndani ya shuka, na kwa mara ya kwanza haikuwa sauti ya hotuba. "Mimi ninakoroma?"

"Unakoroma," alisema Asteria.

"Sana," aliongeza mtu wa kitanda cha juu, akatema pilipili.

*

Kwa Fisi palikuwa na taa moja na kibao kipya cha Wizara. Wabebaji waliiweka machela juu ya kokoto, wakafungua mikanda, wakarudi ndani mbio bila kugeuka, kama walivyofundishwa. Waziri alijivua shuka, akasimama na fulana, akitafuta dirisha lenye mtu. Alimwona Asteria.

"Mama! Kwa nini, mama? Nimekukosea nini?"

Asteria alikuwa ameliandaa jibu hilo usiku mwingi mbele ya jiko. "Mume wangu ulimshusha hapa."

"Mume gani?"

"Fulujensi."

"Nani?"

Aliuliza kweli. Hakuwa anajifanya, hakukumbuka kabisa, na hilo lilimuuma Asteria kuliko kicheko cha siku ile ya mchuzi. Alitoa kichwa na mabega nje ya dirisha.

"Fulujensi Mlowoka! Fundi cherehani, baba wa Domina! Alipowaambia mkewe anakupikia hakuwa anaota. Alikuwa macho, na alisema kweli, na mimi nilikuwa nyuma yako nimeshika bakuli mkimcheka!"

Treni ilishtuka, ikaanza kwenda. Waziri alikimbia pembeni yake peku juu ya kokoto, akiita mlinzi, akiita Katibu Mkuu, akiahidi vyeo. Kisha alisimama, kwa sababu gizani, nje kidogo ya mwanga wa taa, kitu kilikuwa kimecheka, na kingine kikakiitikia. Asteria alisikia pia. Wapo watakaosema kwamba hapo alimwonea huruma. Hakumwonea. Alifurahi, furaha kavu iliyomjaa kifua, na akatamani taa ile iwe kali zaidi amwone vizuri.

"Fulujensi Mlowoka!" alipiga kelele tena, asije akasahau.

Dirisha la jirani likafunguka. Mtumishi mmoja wa umma, mama mtu mzima wa idara ya mifugo, alitoa kichwa akapiga kelele na yeye, "Kibwana Mzuzuri!" Alikuwa ni kaka yake. Kutoka dirisha la nyuma mtu akaita, "Nyamizi! Nyamizi wa Luhende!" Mwingine akamwita mwalimu wake, mwingine baba yake mzazi, na madirisha yakawa yanafunguka behewa hadi behewa, kila moja na jina lake, mpaka yule mlinzi akaacha chai yake, akafungua dirisha, akaita jina la mtu ambaye hakuwahi kumtaja kwa yeyote.

Bwana Kasiani alizunguka katikati yao akipapasa kanuni kichwani. Aliwajua wanaokoroma, wanaoota, wanaolala bila kujifunika. Juu ya watu walio macho na wanaopiga kelele hakukumbuka kanuni hata moja. Mwishowe aliivua miwani, akafuta macho, akaketi kwenye kitanda cha chini kilichobaki wazi, na mtu akamsogezea andazi.

Hakuna aliyelala usiku ule. Waliyaita majina hayo mpaka walipofika Mwisho wa Reli, ambako Domina, mtoto mgongoni, alikuwa anamsubiri mama yake.